Mnara wa Simu na Jua la Saa Sita



Siku hizi mnara wa simu ukisimamishwa kijijini, maneno huanza kabla mafundi hawajafunga mizigo yao. Huyu asema kuku wameacha kutaga, yule asema mimba zitaharibika, na mwingine, aliyesikia kwa shemeji yake wa mjini, asema mawimbi ya mnara hukausha ubongo. Baba mmoja ameniuliza juu ya jambo hili, na ameuliza kwa uchungu. Nyumba yake i hatua mia mbili kutoka mnara mpya, na majirani wanamshauri abomoe ahamie ng'ambo ya mto. Ana watoto watano. Wa nne ni msichana wa miaka tisa mwenye ualbino, naye ndiye achungaye mbuzi baada ya masomo, maana wakubwa wake wako shule za bweni na mdogo wake hajafika umri wa kuaminiwa mbuzi. Baba auliza: Je, mionzi ya mnara huu haitamdhuru mtoto wangu huyu kuliko wenziwe, kwa kuwa ngozi yake ni dhaifu?

Kumjibu kwa neno moja ni rahisi, lakini kesho atakuja mtu mwingine na habari nyingine, naye baba atabaki hana la kusema. Yafaa ajue kupima mwenyewe. Basi nakuomba, msomaji, ukae nami kitako. Tutaanza na kamba.

Twaa kamba ya katani ya kufungia ng'ombe, yenye urefu wa hatua kumi hivi. Ncha moja ifunge kwenye mti, ncha ya pili ishike mkononi, uivute isilegee sana. Sasa tikisa mkono juu na chini, polepole. Utaona kamba yafanya kilima na bonde, kilima na bonde, na vilima hivyo vyakimbia kuelekea kwenye mti. Kamba yenyewe haiendi kokote. Kiendacho ni mtikisiko. Hilo ndilo wimbi. Umbali kutoka kilele cha kilima kimoja hadi kilele cha kilima kinachofuata huitwa urefu wa wimbi. Na ukihesabu mkono umetikisika mara ngapi katika sekunde moja, hesabu hiyo shuleni huitwa masafa ya wimbi. Lakini neno masafa kwetu ni umbali pia, na sipendi tuchanganyikiwe, kwa hiyo hapa nitasema hesabu ya mitikisiko.

Haya, tikisa upesi upesi. Tazama vilima: vimekuwa vifupi, vimebanana. Tikisa polepole: vimekuwa virefu tena. Huwezi kupata vilima vifupi kwa mkono wa polepole, wala vilima virefu kwa mkono wa haraka. Mambo haya mawili ni kama sahani mbili za mizani, moja ikipanda nyingine hushuka. Na jambo la tatu utalisikia begani mwako: kutikisa upesi huchosha. Liweke hilo moyoni, maana tutalirudia.

Mwanga wa jua nao huja kwa mawimbi. Kadhalika sauti ya redio isafiripo kutoka mjini hadi kwako, na neno la simu. Mawimbi haya hayahitaji kamba wala maji wala hewa. Kinachotikisika ndani yake ni nguvu ya umeme na nguvu ya sumaku, zikishikana mkono. Mskoti mmoja, James Clerk Maxwell, aliyaeleza kwa hesabu tu mwaka 1865, bila kuyaona. Miaka ya 1887 na 1888 Mjerumani Heinrich Hertz akayatengeneza kweli katika chumba chake cha majaribio mjini Karlsruhe, na jina lake limebaki midomoni mwetu mpaka leo bila sisi kujua: megahezi moja ya redio ni mitikisiko milioni moja katika sekunde moja. Mawimbi yote ya ukoo huu hukimbia kwa mwendo mmoja, kilomita 300,000 kwa sekunde, penye nafasi tupu. Mwanga uliokupiga usoni ulipofungua mlango asubuhi ya leo ulitoka kwenye jua dakika nane na kidogo kabla.

Kama nyumbani ipo bado ile redio ya mzee yenye kioo na mshale, ifute vumbi uisome. Utakuta imeandikwa mita 25, mita 31, mita 49. Wengi wetu tulikua tukidhani hizo ni namba za vituo tu. Kumbe ni urefu wa wimbi, kilele hadi kilele, kwa mita za kupimia kitambaa! Chukua mita 31. Wimbi hukimbia mita milioni 300 kwa sekunde. Zigawe kwa 31, utapata kama milioni 9.7, na hizo ndizo megahezi zilizoandikwa jirani yake. Mpe mtoto wa darasa la saba hesabu hii ajaribu pia mita 25 na mita 49, ataona redio haisemi uongo. Haya huitwa mawimbi mafupi, ingawa mita 31 ni ndefu kuliko kanisa la kigango, kwa kuwa yalilinganishwa na mawimbi ya kati yenye mita mamia. Hupanda juu sana, hukuta tabaka la hewa lililotiwa umeme na jua, yakarudishwa chini mbali, nchi kwa nchi. Ndiyo maana Redio Vatikano, iliyojengwa na Marconi mwenyewe na kufunguliwa na Papa Pius XI tarehe 12 Februari 1931, ilitumia mawimbi mafupi ili isikike ng'ambo ya bahari. Mawimbi ya FM, megahezi 100 kwa mfano, yana urefu wa mita 3 tu. Hayo hulipenya tabaka lile yakaenda zake wala hayarudi, na kwa hiyo hutaka minara juu ya vilima.

Sasa teremka ngazi. Simu ya mkononi yenye megahezi 900 hutumia wimbi la sentimita 33, limepita kidogo rula ya mtoto wa shule. Simu nyingine hutumia megahezi 1,800, na wimbi lake ni nusu ya hapo. Endelea kuteremka, mawimbi yakizidi kuwa mafupi na mitikisiko ikizidi kuwa mingi, utafika kwenye joto la moto wa jikoni. Umekaa mbele ya mafiga usiku wa baridi, uso umeungua na mgongo umeganda. Hewa ya chumba ni ile ile mbele na nyuma. Kilichopasha uso ni mionzi itokayo kwenye makaa, iendayo mbele moja kwa moja kama mwanga, ila jicho halina uwezo wa kuiona. Mwili wako nawe huitoa, hata sasa unaposoma.

Chini yake ndipo uanzapo mwanga tuuonao. Gawanya milimita moja mara 1,400: kipande kimoja ni urefu wa wimbi la rangi nyekundu. Igawanye mara 2,500: hilo ni wimbi la urujuani, ile rangi ya mwisho ya upinde wa mvua. Kati ya hizo mbili zimo rangi zote ulizopata kuziona tangu kuzaliwa, kitenge na kanga na majani ya mgomba. Ni nafasi nyembamba sana katika ukoo mrefu sana.

Zipo habari mbili hapa nizipendazo mno, na zote zilitokea kabla ya umeme wa majumbani. Mwaka 1800 huko Uingereza, William Herschel, mtu wa kutazama nyota, alitawanya mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka vipimajoto kwenye kila rangi. Kimoja alikiweka nje ya nyekundu, penye giza. Kile cha gizani kikapanda kuliko vyote. Hivyo akajua kwamba jua hutuma pia mionzi isiyoonekana, iletayo joto. Mwaka uliofuata, 1801, Johann Ritter katika mji wa Jena, Ujerumani, akatazama upande wa pili, nje ya urujuani. Alikuwa na karatasi yenye chumvi ya fedha, ambayo huwa nyeusi ikipigwa na mwanga. Katika nyekundu haikubadilika sana, katika urujuani ilikuwa nyeusi, na nje ya urujuani, penye giza tena, ilikuwa nyeusi upesi kuliko mahali pote. Huko hapakuwa na joto la kustaajabisha. Palikuwa na kitu kingine, ambacho leo huitwa urujuanimno.

Angalia vizuri, maana moyo wa jambo letu uko hapa. Jua moja latuma mambo matatu: joto usiloliona, mwanga uuonao, na urujuanimno usiouona wala kuusikia mwilini. Ngozi yako husikia lile la kwanza. Likuumizalo zaidi ni lile la tatu.

Kwa nini wimbi fupi lifanye kazi ambayo wimbi refu limeshindwa? Wataalamu walihangaika na swali hili karne nzima. Mwaka 1900 Max Planck, na mwaka 1905 Albert Einstein, walifungua fundo. Mwanga hautoi nguvu zake kama maji ya bomba yanavyomiminika, bali hutoa punje punje, kama nafaka. Na uzito wa kila punje hutegemea hesabu ya mitikisiko: ikizidi mara mbili, punje nayo ina nguvu mara mbili. Ndilo bega lako lililochoka kwa kutikisa upesi.

Fikiri embe limening'inia juu ya mti. Watoto elfu moja wasimame chini, kila mmoja alitupie punje ya ulezi. Watupe kutwa. Embe halitaanguka, kwa sababu hakuna hata punje moja yenye nguvu ya kukata kikonyo, na punje hazisaidiani. Kila moja hugonga na kuanguka peke yake. Aje mtoto mmoja mwenye jiwe moja, akilenga, embe liko chini. Mwanga mwekundu hata uwe mkali namna gani haukuigeuza upesi karatasi ya Ritter, maana ulikuwa ulezi mwingi. Urujuanimno hafifu uliigeuza, maana ulikuwa mawe machache.

Waliojifungulia hospitali huenda wamewahi kuona jambo hili kwa macho yao. Mtoto mchanga akiwa na manjano nyingi, hulazwa uchi chini ya taa ya buluu, amefunikwa macho. Mambo hayo yalianza katika hospitali ya Rochford, Uingereza, ambako mwaka 1956 muuguzi aliyekuwa akiwatoa watoto nje kwenye jua aliona kwamba ngozi iliyopigwa na mwanga ilipoteza umanjano, na ile iliyofunikwa shuka ikabaki nao. Waganga walieleza habari hiyo mwaka 1958. Punje za buluu zina nguvu ya kutosha kuugeuza ule umanjano ndani ya ngozi ili mwili uweze kuutoa, lakini hazifiki nguvu ya urujuanimno iunguzayo. Taa nyekundu haifanyi kazi hiyo. (Na mama, kama mtoto wako ni wa manjano, usimweke mlangoni ukangoja, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwani manjano ikizidi hudhuru ubongo.)

Sasa turudi kwa baba na mnara wake. Mwili wa mtu umejengwa kwa viungo vidogo sana vilivyoshikamana, kama embe na kikonyo chake. Saratani yaweza kuanza vishikizo vya ndani ya chembe hai vikikatwa na kurekebishwa vibaya. Punje ya wimbi la simu haiwezi kuvikata. Ukiilinganisha na punje ya urujuanimno wa jua la saa sita, ile ya jua ina nguvu kuipita mara laki nyingi. Simaanishi kwamba jua lote ni kubwa kuliko mnara, jambo ambalo kila mtu alijua. Nasema punje moja kwa punje moja.

Lakini mtu mwenye akili atauliza: Je, gunia zima la ulezi likiniangukia? Amesema vema. Ulezi mwingi hauangushi embe, ila uzito wake upo, na uzito wa mawimbi ya redio ni joto. Vile vijiko vya umeme vya mjini, vinavyopasha chakula bila moto, hutumia mawimbi ya ukoo huo huo wa simu, ya sentimita 12 hivi, yaliyofungiwa kwa nguvu nyingi ndani ya sanduku la chuma. Kwa hiyo fundi apandaye mnarani kusimama mbele ya mtambo wenyewe hapana budi mtambo uzimwe au upunguzwe kwanza. Kwa mtu wa chini ni habari nyingine, kwani mawimbi hutawanyika: ukienda mbali mara mbili, kinachokufikia ni robo, ukienda mara kumi, ni sehemu moja ya mia. Hatua mia mbili si haba. Tena lipo jambo la kuchekesha kidogo. Simu ikiwa mbali na mnara hupiga kelele, yaani huongeza nguvu yake ili isikiwe, nayo iko sikioni mwako. Ikiwa karibu na mnara hunong'ona. Yule ahamaye ng'ambo ya mto ili kuukimbia mnara, huku simu ameishikilia sikioni, sijui amekimbia nini.

Sitaki kumficha msomaji lolote. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliyaweka mawimbi ya redio na simu katika fungu la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, kwa kuwa ushahidi uliokuwapo ulikuwa haba na haukuweza kulifunga shauri. Atakaye kujihadhari aongee kifupi, au aiweke simu mezani akitumia kipaza sauti. Haigharimu kitu. Bali wale wapitao magulioni wakiuza vijikaratasi vya kubandika nyuma ya simu eti "kuzuia mionzi" wanakula fedha za watu. Na katika orodha ile ile ya shirika lile lile, mwanga wa jua haumo katika fungu la huenda. Umo katika fungu la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa.

Weusi wa ngozi yetu ni mwavuli. Hunyonya mawe yale kabla hayajafika ndani. Mtoto mwenye ualbino amezaliwa bila mwavuli huo, kwa sababu amerithi upungufu kwa baba na kwa mama, nao wote wawili waweza kuwa weusi kabisa na wasijue. Kila siku ya jua kwake ni mawe. Kwanza ngozi huwa nyekundu, kisha madoa, kisha kidonda kisichopona shavuni, sikioni au shingoni, na wengi wamekufa kwa saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Tumesikia kwa huzuni habari za watu waliowaua ndugu hawa kwa ushirikina, na twalaani tukisikia. Lakini jua huwaua kimya kimya, na hakuna apigaye yowe.

Tena hapa mwili wetu hutudanganya. Kijiji cha huyu baba kiko milimani, kwenye baridi. Watu wa huko hudhani jua lao ni la upole kwa kuwa halichomi kama la pwani. La upole ni joto tu. Urujuanimno huzidi ukipanda mlima, yapata sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000, maana hewa ya kuupunguza ni kidogo. Wingu jembamba nalo hukata joto, ukasema leo hakuna jua, huku mawe yakiendelea kupita. Wavuvi hupigwa mara mbili, kutoka juu na kutoka majini. Kwa hiyo usipime jua hili kwa jasho. Lipime kwa kivuli: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, mawe ni makali, kikiwa kirefu kukupita, yamepungua. Hata mtoto wa miaka tisa aweza kukitazama kivuli chake mwenyewe. Kwetu huwa ni tangu saa nne asubuhi hivi mpaka karibu saa kumi.

Nguo ndiyo dawa ya kwanza: mikono mirefu, kitambaa kilichofumwa kwa kubanana, na kofia yenye ukingo mpana pande zote, ifunikayo masikio na shingo. Ile kofia ya mpira yenye mdomo mmoja mbele huacha masikio nje, na masikio ndiyo mara nyingi huanza kuugua. Kitambaa chembamba cheupe kilicholegea waweza kukiona mkono upande wa pili. Basi ikiwa wewe waona, jua nalo laona. Yapo pia mafuta ya kupaka. Katika chuo cha magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, yametengenezwa mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino hasa. Mzazi aulizie kwenye kliniki ya ngozi ya wilaya au ya mkoa. Mafuta ya nazi au ya mgando yanayong'arisha ngozi hayazuii kitu.

Wengine wachezeao mawe haya ni mafundi wa kuchomelea vyuma. Cheche yao hutoa urujuanimno mwingi. Kijana hutazama bila kioo kwa sababu haoni maumivu, halafu usiku wa manane huamka akilia kwamba macho yamejaa mchanga. Hakuna mchanga; jicho limeungua. Watoto wanaojikusanya kumtazama fundi wafukuzwe.

Ngazi ya mwisho ya safari yetu ni eksirei, ambayo nayo huogopwa na wengine mpaka wakakataa kupigwa picha ya kifua hata wakikohoa damu. Wilhelm Röntgen aliigundua mjini Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, na kabla ya Noeli mwaka huo alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa na pete. Wimbi lake ni fupi kuliko atomu moja. Punje yake ina nguvu kuipita ya mwanga wa kawaida mara makumi elfu, hivyo hupenya nyama, na kweli yaweza kukata vishikizo. Watu wa kwanza hawakujua. Clarence Dally, msaidizi wa Edison huko Marekani, aliyekuwa akiijaribu mitambo hiyo kwa mikono yake mwenyewe, alikatwa mikono na hatimaye akafa mwaka 1904. Ndiyo sababu mpiga picha hujificha nyuma ya ukuta: yeye hupiga watu wengi kila siku, mwaka hadi mwaka, nawe wapigwa mara moja. Picha moja ya kifua hukupa kiasi kama kile upatacho kwa siku kumi hivi kutoka ardhini na angani bila kwenda hospitali. Wala mionzi haibaki mwilini. Mtambo ukizimwa imekwisha, kama chumba kinavyoingia giza taa ikizimwa. Mama mwenye mimba, au mwenye kudhani anayo, aseme kabla ya kupigwa, asione haya. Mwenye kikohozi cha wiki mbili akiambiwa apige picha, apige.

Huyu baba nimemjibu hivi. Nyumba asibomoe. Uzio wa mnara auangalie usiwe na tundu, maana watoto hupenda kupanda, na huko juu kuna kuanguka na huku chini kuna umeme. Mbuzi wamwendee mtoto mwingine, au wachungwe asubuhi na mapema na baada ya saa kumi, hata ikibidi baba mwenyewe kubadili saa zake za shamba. Mwalimu aombwe amweke mtoto mbali na dirisha lililo wazi, karibu na ubao, kwa kuwa macho yake nayo huwa hayaoni mbali. Na ile fedha aliyokwisha kuitenga kwa mabati ya nyumba mpya, achukue kidogo ndani yake anunue kofia mbili, maana moja itapotea.